Maji Yaliyobaki Ndani ya Bomba

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama aliyelala kaburini huamkiwa, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila hiyo.

Mkeo amerudi kwao, kijijini Ulaya, baada ya arobaini. Wazee walipogawa vitu vyako walisema zana za kazi ni za mpwa, na mpwa ni mimi. Mama akaniletea spana yako kubwa ya mabomba, kaifunga kwenye kanga. Alisema tu, "Ya kaka yangu hiyo, usiitupetupe." Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Fundi Saidi, aliyechukua nafasi yako kwenye ghala la baridi hapa Mikumi, amekubali nimsaidie.

Nakumbuka likizo ya kwanza uliyonichukua kwenda nawe kazini. Nilikuuliza kwa nini mabomba ya kuzimia moto yaliyo juu ya nyama hayana maji. Ulicheka mpaka mvuke ukakutoka mdomoni. "Maji humu yangekuwa jiwe, binti. Humu tunajaza hewa. Maji yanasubiri nje, kwenye joto, nyuma ya vali. Moto ukiwaka, hewa inatoka, maji yanaifuata." Kisha ukaniambia adui ni maji yanayobaki baada ya majaribio. Yakiganda yanapasua bomba. Yasipoganda yanakula chuma, polepole.

Wiki iliyopita tulifanya majaribio. Nyama ilihamishwa, baridi ikazimwa, maji yakapitishwa kwenye mabomba yote, kisha yakatolewa. Fundi Saidi alifungua koki za chini, akafunga, akasubiri, akafungua tena, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, mpaka ikatoka hewa tupu. Ni mtu makini, mjomba. Usimfikirie vibaya.

Lakini mimi nilikuwa chini, naangalia juu. Bomba la katikati lilikuwa limebonyea. Kidogo tu. Wakati wa Idd ndoano zilijaa, wapakiaji wakapitisha kamba juu ya bomba wakaning'iniza mbuzi. "Bomba lenyewe tupu," walisema, "litaelemewa na nini?" Pale lilipobonyea hapana koki. Maji ya pale hayakuwa na pa kutokea.

Nilijua, na sikusema. Unanijua. Shuleni niliweza kukaa na jibu mdomoni hadi kengele ilie. Fundi alishaanza kukusanya zana. Mtu wa mashine ya baridi alisimama mlangoni akauliza, "Niwashe?" Nikawaza yale maji yakiganda, bomba likipasuka, halafu siku moto ukija, wapakiaji walewale wako ndani.

"Fundi," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. "Bomba lina tumbo."

Wapakiaji wakaangua kicheko. "Mpwa wa marehemu kaona bomba lina mimba! Haya, baba nani?" Nilitamani ardhi inimeze. Fundi Saidi hakucheka. Alipanda, akaweka pima maji, kile kipimo cha usawa, juu ya bomba, akaitazama. Akamwambia mtu wa mashine asubiri. Kisha akanyoosha mkono chini bila kunitazama. "Lete spana hiyo." Yako.

Alipolegeza kiungo, maji yalimwagika, rangi ya chai, yamechanganyika na maganda ya kutu. Tulipokitoa kipande kile nikaona ndani: chuma kimeliwa kama ulivyosema. Tukaweka kipya, tukakipa mteremko kuelekea kwenye koki. Lori la nyama lilikuwa limefika, linasubiri. Dereva alitutukana sana. Baridi iliwashwa tukiwa tumechelewa, na hakuna aliyenicheka tena.

Sikulia kwenye mazishi yako. Watu walisema nina moyo mgumu. Siku ile, watu walipoondoka, nilikaa kwenye chumba cha vali nikalia. Nilikuwa nataka kukuhadithia, na hukuwepo. Ni hilo tu, mjomba.

Upande wa samaki bado haujakaguliwa. Fundi ameniambia kesho nitangulie mimi, nimwambie ninachokiona. Nimeogopa tangu asubuhi. Lakini nakuahidi: nikiona kitu nitasema hapohapo, sauti itoke itakavyotoka, hata kama mtu wa mashine ameshika swichi.

Pumzika sasa. Mungu akuweke mahali penye nafasi, pasipo na baridi.

Mpwa wako,
Mwanahawa