Fundi Cherehani Aliyeelewa Retina Kuliko Mimi

Shikamoo Mama,

Mwanao msomi, aliyealikwa Johannesburg kuhutubia wataalamu wa macho, leo asubuhi alichanika suruali nyuma. Nilikimbilia kwa fundi cherehani Mkongo hapa Jeppestown, Mama Furaha, akanifunga kitenge kiunoni nisubiri. Unanijua: nikaanza kufundisha na kitenge changu.

Nikamweleza kwamba gizani, seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinazonasa mwanga humwaga kemikali bila kupumzika. Mwanga ukija, zinapunguza. Seli nyingine zinazofuata zina vipokezi vya ajabu: kemikali ikimiminika vinazizima, ikipungua seli zinaamka na kupeleka habari kwamba kumekucha.

"Miaka tisa nachunguza kipokezi hicho kimoja," nikajigamba.

"Eish, Dokta, iyo iko sawa na mama mukwe yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Analalamika mchana kutwa. Akinyamaza, tunajua anafurahi." Akaninyooshea sindano. "Nitungie uzi, wewe mwenye kujua macho."

Nilikosa tundu mara sita. Alitunga yeye, huku akicheka.

Kwenye hotuba, walichopigia makofi ni mfano wa mama mkwe tu.

Mama, tangu ufunguliwe bandeji ya jicho baada ya upasuaji ni siku nne, na hujanipigia hata mara moja kulalamika. Nimekuwa nikiuogopa ukimya huo, mimi bingwa wa kipokezi! Hadi fundi aliponifumbua macho.

Basi kadi hii usimpe mtu akusomee. Isome mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Yusto