Nyumba ya Unga na Dirisha la Bibi

Bellevue, Johannesburg
8 Julai 2025

Mpendwa Mama mdogo Mwatumu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mguu ulioteguka sasa unakanyaga vizuri. Bado unaukanda kwa mafuta ya moto, au umeshaacha kwa uvivu? Sisi huku hatujambo. Nassir yuko kazini Kensington kama kawaida, watoto wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma hadi kwenye meno.

Kuna neno ulilosema siku ya Idi, Nusaiba aliposhindwa kuzungumza nawe kwenye simu. Ulisema, "Huyo mtoto hanitaki." Limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mama mdogo, hakukukataa. Alitamka salamu vibaya, watu waliojaa sebuleni kwako wakacheka, naye akasikia. Akanirudishia simu, akajifunika blanketi. Sasa kila nikikupigia anakwenda kusimama uani, hata kwa baridi hii. Kosa ni langu pia, nimemzoesha kunijibu Kiingereza, eti mradi tumeelewana.

Shule zimefungwa tangu mwisho wa Juni, watoto wamo ndani kutwa. Nusaiba aliona wenzake shuleni wakijenga nyumba ya biskuti, nyumba ya kuliwa, akanishika nguo wiki nzima naye anataka yake. Najua utaguna, maana ulitulea tusichezee unga. Hata mimi nilisita. Nikawapa sharti moja, kila kinachovunjika kinaliwa. Hakijatupwa hata kipande, Ameir amehakikisha. Anafikisha miaka minne na tumbo lake unalijua kwa picha.

Siku ya kwanza niliharibu. Mikono imezoea, nikaukanda unga kama wa chapati, maji ya vuguvugu na mafuta, nikauacha upumzike. Kuta zikatoka zimevimba na kupinda, tukizisimamisha zinalala. Oveni ni ya Marthe, Mkongo wa chumba cha pili anayesuka nywele. Akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema, "Mama Nusaiba, hii nyumba yako iko mulevi, inatafuta fasi ya kulala." Nusaiba alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya pili nikakumbuka vileja vyako vya sikukuu, unavyousugua unga na samli kwanza mpaka uwe kama mchanga. Nikafanya vivyo hivyo kwa unga wa ngano, siagi, sukari na tangawizi, na yai moja tu la kushikia. Kuta tulikata kwa kufuatisha boksi la sabuni. Paa ni biskuti za wafa kutoka spaza, kile kiduka cha hapo kona, zina mistari kama bati. Gundi ni ute wa yai uliopigwa na sukari laini. Madirisha ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Unatoboa ukuta, unajaza pipi zilizopondwa, zikipata moto zinayeyuka na kuwa kioo.

Tukiwa tumebakiza ukuta wa mbele, Nusaiba akasema nyumba hiyo ni yako. Hajawahi kuiona. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, dirisha la chumbani kwako liko upande gani wa mlango. Nikasema kushoto. Nassir akasema kulia, siku ya harusi yetu alikaa chini yake. Tukabishana, na kadiri tulivyobishana nami nikapoteza uhakika. Miaka minane tangu tuondoke si michache. Nusaiba akatutazama, akasema basi atamuuliza Bibi mwenyewe. Nikamwambia Bibi hajui Kiingereza. Akawa anatoa unga kwenye kucha. Baadaye akanifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ndogo inasemwaje kwa Kiswahili.

"Bibi, dirisha lako liko wapi?" Tangu jana anajifunza hayo tu. Anamuuliza Ameir, na Ameir kila mara anamjibu liko juu ya paa.

Barua hii anakuletea Yasmin, jirani yetu, anayeondoka na basi keshokutwa. Amebeba na kopo la biskuti za nyota na samaki, watoto wamekata wenyewe. Za pembeni zimeungua kidogo, uzichovye kwenye chai.

Ombi langu ni hili. Jumapili ya tarehe ishirini, saa kumi jioni ya huko kwenu, tutapiga simu. Uwe peke yako. Atauliza yeye, mjibu yeye, polepole, na akikosea usimsahihishe kwanza. Mimi usiniulizie, nitakuwa jikoni nawasha oveni. Unga wa ukuta wa mbele umo kwenye friza ya Marthe, haujakatwa. Nassir anataka tutoboe popote tumalize kazi. Nusaiba amekataa.

Nisalimie dada Zubeda na wanawe, na mjomba Ishaka. Na wale waliocheka uwasalimie pia, sina kinyongo nao, ila Jumapili hiyo wakae nje.

Mungu akupe afya na akuweke, mpaka siku Nusaiba atakapoingia kwa mlango huo kwa miguu yake.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye,

Fauzia