Makopo Yako ya Biskuti

Mwanangu,

Salamu sina. Jirani ndiye anayeandika. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Eti namnyima mwanao chakula? Koma! Tumbo limemvimba, miguu vijiti, anaharisha kila siku, na gauni la mwaka juzi bado linamtosha. Daktari amempima damu na utumbo: ni ngano. Mkate, biskuti, vyote vinamuumiza ndani. Kila alipokonda ulituma kopo jingine, nami nikamlisha kwa mkono huu. Akilia, "Bibi, tumbo," nilikuwa namwambia, "Acha kudeka, maliza."

Hilo nitazikwa nalo. Lako ni hili: biskuti zako nimewamwagia kuku. Jana mtoto aliomba wali mara mbili. Usitume kitu tena, njoo wewe.

Mama yako, ambaye fimbo bado anayo.