Si Kivumbasi

Maramba,
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mgongo unaendeleaje? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Luqmani ameanza kukaa mwenyewe na kulala hataki, basi nami silali. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu, wewe ushamaliza.

Mama, wiki tatu zilizopita alipita hapa dada mmoja, Beatrisi, anayekusanya mimea kwa ajili ya chuo chao. Alinikuta uani nimeanika majani ya dawa ya mchango wa mtoto, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni kivumbasi, kwani harufu yote hii huisikii? Akacheka, akasema pua yangu nzima ila macho yamelala.

Akanishika vidole akavipitisha kwenye shina. Kivumbasi, alisema, shina lake lina pembe nne, nacho ni ukoo mmoja na rehani. Hili langu lilikuwa la mviringo. Kisha akapasua ua lake la zambarau kwa ukucha. Mama, lile si ua moja! Ni vijiua chungu nzima vimekaa kwenye kitako kimoja. Akasema huo ni ukoo wa alizeti. Nilishangaa, kitu chenyewe hakinifiki gotini! Nikamuuliza, na mtoto akilinywa? Hapo akaacha kucheka. Alisema ukoo huo una wanaoliwa na una wanaodhuru, hili asingempa mtoto, na hata kivumbasi chenyewe niulize kliniki kwanza.

Unakumbuka Luqmani alivyotapika siku mbili, ukaja mbio kutoka Pangani? Ulisema mkwe wangu Bi Nasma ana jicho, ukamtoa mtoto mapajani mwake mbele ya majirani. Tangu siku ile, miezi miwili, bibi yake akawa anamsalimia kutoka mlangoni, mikono nyuma, asije akasemwa tena.

Halikuwa jicho, mama. Nilikuwa mimi. Kivumbasi ulichonipa kiliisha, nikaona haya kukwambia, nikachuma hili kando ya shamba kwa kufuata harufu. Nilimnywesha asubuhi, adhuhuri akaanza kutapika. Na hata Beatrisi aliponifumbua macho, niliogopa, nikanyamaza.

Juzi nimemwambia Bi Nasma yote. Akasema kumbe amenyimwa mjukuu kwa ajili ya jani! Akacheka huku machozi yanamtoka. Nikampakatisha Luqmani, akamvuta kilemba bila huruma.

Radhi yangu nimeshaiomba. Yako, mama, siwezi kukuombea. Nakupenda, lakini kwa hili sirudi nyuma: njoo Ijumaa, useme kwa kinywa chako mbele ya wale wale waliosikia. Bi Nasma mwenyewe ameniuliza kama unapenda bada ya muhogo kwa samaki. Nimemwambia unapenda.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na dua zako zisitupungukie.

Mwanao akupendaye,
Samiha