Unga wa Safari ya Zaituni

Newala, Alhamisi. Baridi, ukungu mpaka saa tatu.

Nina miaka themanini na mbili. Wenzangu wote niliotoka nao jandoni nimewazika. Nimeuona ukoloni ukiondoka, nimehamishwa kijiji nikarudi, ugonjwa wa ubwiriunga umekula mikorosho yangu ikapona, na bado natafuna korosho kwa meno yangu mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikawashinda wote darasani. Herufi zikikosewa humu, kosa ni la simu.

Mjukuu wangu Zaituni, mtoto wa binti yangu, anasomea uhandisi wa maji Dar es Salaam. Likizo hii anakwenda Nepali, nchi ya milima huko mbali, kujitolea na wanafunzi wenzake. Watajenga matangi ya kuvuna mvua katika kijiji ambacho wanawake wanashuka bondeni kuteka maji, kisha wanapanda nayo. Nikamwambia, mbona hiyo ni Newala? Akasema, "Ndiyo maana nimeomba kwenda, Babu."

Ana matumaini makubwa, mtoto yule. Anataka kufunga mabomba kwa mikono yake, si kusimama pembeni na karatasi. Anataka amwone mama mmoja tu akichota maji mlangoni kwake, mtoto mgongoni, bila haraka. Anaogopa pia. Anaogopa wazee wa kule watamwona msichana mwembamba, wampe kazi ya kuchemsha chai. Nilimwambia wakimpa chai aimwage.

Sasa, kwetu mtu haondoki safari ya mbali hivi hivi. Mkubwa wa ukoo anamwaga unga chini taratibu, akiwataja waliotangulia, mpaka usimame kama kichuguu chenye ncha. Unafunikwa chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama, msafiri aende. Ukibomoka, abaki. Mimi naswali swala tano na unga naumwaga. Shehe akiniuliza namwambia hayo ni mazungumzo ya familia.

Juzi jioni nikamwaga. Jana alfajiri nikafunua chungu. Unga umelala chini kama mkeka.

Nikasema haendi.

Mama yake akaanza kulia. Zaituni hakulia. Alipiga magoti, akachukua unga kidogo, akausugua vidoleni.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "ukikataa sitatoroka. Nitabaki. Lakini unga huu umeutoa wapi?"

"Dukani. Wa pakiti. Mweupe, mzuri."

Tangu soko huria lije, kila kitu kinauzwa kwenye pakiti, nami nilimtakia mjukuu wangu kitu cha kisasa.

Akasema unga ule wa mashine ni mkavu kama vumbi, haushikani. Wa kutwanga unatokana na mtama uliolowekwa, una unyevunyevu, kwa hiyo unasimama. Akaleta na habari za mteremko na pembe. Nikamwambia asinifundishe unga, nimeumwaga tangu mama yake hajazaliwa. Nikashikilia hapohapo mpaka mchana, na begi lake likakaa mlangoni halijafungwa.

Lakini nilikuwa namtazama. Mtu ameambiwa ndoto yake imekufa, naye anachunguza unga. Hiyo akili kaitoa kwangu.

Aliyenimaliza ni dada yangu Abiba, aliyetoka Mnyambe kuja kumuaga mtoto.

"Wazee wetu hawajaonja sembe ya pakiti hata siku moja," akasema. "Ulitaka wakuitikie nini? Wanaulizana huko, nani huyu anatumwagia chokaa."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila kwa ndani.

Abiba akaloweka mtama, akautwanga mwenyewe, kinu kinasikika mpaka barabarani. Jioni nikamwaga tena, nikawataja wote mmoja mmoja, safari hii nikiwaomba radhi. Leo asubuhi nikafunua chungu.

Umesimama.

Mimi sikubadili neno langu, jamani. Wazee ndio waliobadili lao. Zaituni anasema ni unyevu. Aendelee kusema. Anakwenda.

Stendi alipiga goti akanipa shikamoo mbele ya abiria wote, na viatu vyake vya kisomi. Nikaona ndani ya begi amefunga unga wa Abiba kwenye kitambaa. Nikamuuliza wa nini.

"Wa kuwaonyesha wazee wa kule, Babu. Na wao lazima wana namna yao ya kuwauliza waliotangulia. Sitachimba shimo lolote kabla hawajauliza."

Wahandisi wamepita wengi juu ya mlima huu, na magari mazuri. Sikumbuki hata mmoja aliyeanza hivyo.

Mimi simsifu mtu mbele ya uso wake. Kwa hiyo nilimfuata dereva, nikamwambia, "Umembeba mhandisi. Nenda polepole kwenye mteremko."

Asiyeamini kwamba unga ulisimama, aende Mnyambe akamuulize Abiba, mikono yake bado ina malengelenge ya mchi. Binti yangu naye aliuona. Yupo pia yule dereva wa basi la asubuhi la Masasi, ila yeye anasema aliniona nikifuta machozi, kwa hiyo msimwamini sana.