Miezi Sita Kwenye Injini Baridi

Chumba cha Habari, ghorofa ya pili
Jumanne, tarehe 10 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mkufunzi mkuu wa chuo cha uhandisi wa meli ameniambia leo saa tano asubuhi kwamba jina la Spana, binti wa kaka yetu, litaondolewa kwenye orodha ya darasa Jumatatu ijayo, asipopata meli ya kufanyia mafunzo. Nimetanguliza hilo kabla ya kukujulia hali. Unanijua, kazi imeniharibu adabu. U hali gani? Goti bado linakusumbua kwenye zile ngazi za chuma? Sisi huku wazima. Kaka yetu amepona kikohozi, na wifi amerudi kwenye cherehani yake.

Darasa la binti yao lilianza na wanafunzi thelathini na mmoja. Leo nimewahesabu nikichungulia dirisha la darasa: tisa. Wengi walioondoka hawakushindwa masomo. Sheria inataka miezi sita kwenye chumba cha injini inayofanya kazi, na chuo hakina meli. Kiliwapeleka kwenye meli kuukuu iliyofungwa gatini, ambayo injini yake haijawashwa kwa miaka minne. Wakachora mabomba, wakafuta vumbi, wakaandika kwenye daftari la mafunzo joto la mafuta ambalo halikuwapo. Mhandisi wa zamu akagonga muhuri.

Haya Spana alinisimulia mezani kwangu, akicheka, kwamba miezi sita mizima mikono yake haikupata joto. Alikuwa anaongea na shangazi yake. Mimi nikamsikiliza kama mwandishi. Nilikwenda melini, nikathibitisha kwa watu watatu, nikaandika. Jina lake sikulitaja, ila wenzake hawakuhitaji kulitafuta. Sasa wanamwita Gazeti.

Kila neno la habari ile ni sahihi. Bodi ya mitihani iliisoma, ikafuta miezi sita ya darasa zima. Nilitaka chuo kibanwe. Waliobanwa ni watoto.

Nilipomwomba msamaha alinijibu bila kupandisha sauti: "Shangazi, ukweli umeuandika. Sasa niandikie na siku mia moja themanini."

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Fomu ya kuacha chuo ameshaijaza, wifi aliikuta chini ya mto wake. Duka moja la simu limemwambia aanze kazi wiki ijayo. Mtoto aliyefungua pampu ya maji ya nyumba nzima akiwa na miaka kumi, akairudisha ikafanya kazi, anakwenda kuuza vifuniko vya simu.

Nimebisha hodi kwenye kampuni saba za meli. Nne hazikujibu. Mbili zilisema hazina chumba cha mwanamke. Karani wa ya saba aliniuliza kama huyo ndiye yule binti wa gazetini.

Imebaki meli yako. Nakumbuka ulichosema miaka miwili iliyopita, kwamba chumba chako cha injini si sebule ya ukoo, nami nilikuunga mkono. Lakini wakala wenu amenihakikishia kuwa nafasi ya mwanagenzi iko wazi tangu Januari na inajazwa kwa sahihi ya injinia mkuu, yaani wewe. Sikuombi umpendelee. Mhoji, mtahini, msafishishe vichujio mwezi mzima. Akiwa hafai, mshushe bandari ya kwanza nami sitafungua mdomo. Mpe tu injini inayonguruma.

Miaka ishirini na sita ya kazi hii sijamwombea mtu nafasi. Leo naomba, na ukikataa sina pengine pa kwenda.

Wakala atakukabidhi barua hii pamoja na fomu ya chuo ya kumpokea mwanagenzi mtakapofunga gati Alhamisi. Kwenye fomu inatakiwa sahihi yako na muhuri wa meli, basi. Mwachie yeye, ataipeleka chuoni.

Kaka na wifi wanakusalimu. Mama anauliza kama huko mnakula vizuri. Haya mengine hatujamwambia, nawe usimwambie. Mungu akutunze wewe na wote unaoshuka nao kule chini.

Mkufunzi anafunga orodha Jumatatu tarehe 16, saa nne kamili asubuhi. Kuanzia saa moja na nusu nitakuwa kwenye benchi nje ya mlango wake.

Nakupenda, kwa jibu lolote utakalotoa,

Dada yako mkubwa