Mlango Anaoushika Baba

Shikamoo dada Paskalina,

Huku Babati mvua haijakatika tangu alfajiri. Jirani alitupeleka kanisani, mimi na Baba, kwa gari lenye milango ya kusukuma kwenda nyuma kama ya kipanya cha abiria, ileile tuliyoipenda kwenye gari dogo tunalotaka kumnunulia likitoka mwakani. Kuingia, Baba hakupata shida. Wakati wa kushuka akanyoosha mkono aushike mlango kwa juu ajiinue, kama alivyozoea kwenye ile pikapu tuliyoiuza. Mlango ulishateleza nyuma. Mkono ukashika mvua, naye akarudi kukaa, watu wakipita na kumwamkia.

Dada, tumebishana wee kuhusu injini, wewe ukitaka ya umeme, mimi ya petroli. Hakuna aliyemuuliza Baba, na goti lile bovu, huwa anainukaje.

Nikamwambia tutatafuta gari jingine. Akasema, "Msihangaike, mwanangu. Mwambie dada yako gari ni zuri. Mkija nalo nitaliangalia nikiwa kwenye kiti changu."

Wabusu watoto, na Mungu awatunze. Ukimpata yule aliyenunua pikapu, muulize kama bado anayo.

Mdogo wako,
Emanueli